Kilo Mbili na Robo

Niliipima kwenye mizani ya korosho
pale ghalani Kitangari, msimu umekwisha,
magunia matupu yamekunjwa kama nguo za marehemu.
Karani Nambunga akasogeza jiwe la mizani, akakohoa:
"Kilo mbili na robo. Bunduki hii au mwavuli?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeshalipa.

Ya baba ilikuwa kilo nne na ushei,
chuma kitupu, na kitako cha mninga
kilicholiwa na jasho la shavu lake.
Lakini tangu nianguke mkoroshoni, mwaka ule wa mabibo mengi,
bega langu la kulia halikubali kitu kizidicho nusu ndoo.
Basi nikaifungua skrubu, nikaifunga kwenye kanga ya Somoe,
nikampelekea Litunu, mchonga vinyago wa Newala,
ambaye mikono yake imezoea mpingo
na huudharau kila mti unaoelea majini.

"Nichongee ya msufi," nikamwambia.
Akacheka hadi patasi ikamdondoka.
"Msufi ni mti wa mito, bwana.
Wa kulalia, si wa kuulia."
Lakini alichonga.
Akatoboa tundu ndani ya kitako kuondoa uzito,
akakata mtutu kiasi cha shibiri,
na mahali pa shavu langu (langu, si la baba)
akanipapasa uso kwa vidole vyenye vumbi jeusi,
akafumba macho, akachonga alichokigusa.
Washa ya ngozi ilitoka kwenye kiatu changu cha harusi.

Nikawa nayo.
Bunduki ya upepo, nyepesi mpaka naisahau begani.
Asubuhi za Juni, ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma
na kuimeza mikorosho mmoja mmoja,
nilitoka nayo kama mtu atokaye na mswaki mdomoni.
Kunguru walioiba vifaranga vya Somoe walinijua.
Vifuniko vya soda juu ya ua vilinijua.
Watoto wa jirani walihesabu kumi kwa kumi
wakaniita Fundi Upepo.

Ila lipo jambo sikumweleza Litunu.

Ile ya baba, hadi uinyanyue,
uivunje, uishindilie, uitulize,
ndege keshakwenda zake,
na hasira imemfuata.
Uzito ule ulikuwa ukifikiri kwa niaba yangu.
Hii, kabla sijajua nimekasirika, iko shavuni.
Alhamisi moja majani ya mkorosho yalitikisika,
nikasikia tsu, nikasikia kitu kikidondoka,
ndipo nikajiuliza kilikuwa nini.

Tetere. Mdomoni ana kijiti.
Kimoja tu, cha kujengea,
bado amekibana.

Nilikaa chini kwenye majani yanayonuka salfa,
nikaitafuta ile chembe ya risasi hadi nikaipata,
imebonyea kama punje ya mtama iliyotafunwa.
Nikaitia kwenye tundu la kitako, nikaziba kwa nta.

Tangu siku hiyo, kila chembe inayopiga chenye damu
naitafuta, naitia humo.
Kunguru wawili. Panya buku mmoja.
Kenge, ambaye kusema kweli hakuwa na kosa.
Nikiinyanyua, zinachakacha ndani ya msufi
kama kayamba ya mtoto,
na kichaka kizima kinasikia kabla yangu.

Juzi nikairudisha mizanini.
Nambunga akasogeza jiwe, akalirudisha, akafuta miwani.
"Ileile. Kilo mbili na robo. Ulitegemea ipungue?"
Nikasema hapana.
Mizani ya ghalani ni ya magunia,
vitu vidogo haivioni mpaka vijae gunia.
Nikaibeba kwa bega la kushoto
kurudi nyumbani.